Mbuzi Asiwe Pingu ya Anayekimbia Kipigo

Ni ada kwetu kumuuliza mwanamke aliyepigwa swali lisilo na huruma: mbona hakuondoka mapema? Majibu yake tunayajua. Hutajwa woga, wakatajwa watoto, ikatajwa na aibu ya kurudi kwa wazazi. Ipo hata hivyo sababu moja ambayo aghalabu haitajwi, nayo ni mnyama aliyefungwa nyuma ya nyumba.

Waama, jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulibainisha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimu miaka 15. Huko mashambani, ni nadra boma kukosa kuku, mbuzi au mbwa. Anayetoroka usiku huweza kumbeba mtoto mgongoni, lakini hawezi kumbeba ng'ombe.

Wamarekani walilitambua tatizo hili zamani kidogo. Mwaka 1998 mtaalamu Frank Ascione alichapisha uchunguzi kuhusu wanawake 38 waliokuwa wamekimbilia makao ya hifadhi katika jimbo la Utah. Miongoni mwa waliofuga wanyama, asilimia 71 walisema kwamba waume au wapenzi wao walitishia kuwadhuru wanyama hao, waliwajeruhi au waliwaua. Uchunguzi ulikuwa mdogo, lakini uliwazindua wengi. Mwaka 2006 jimbo la Maine liliruhusu mahakama kuwataja wanyama katika amri za kuwalinda wanaodhulumiwa, na mwaka 2018 ikapitishwa sheria ya taifa zima ya kufadhili makao yanayowapokea wahasiriwa pamoja na wanyama wao.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na paka wao. Hapa naomba niseme kama mwanaisimu. Kiingereza kina neno lake mahususi kwa mnyama wa kupendwa na jingine kwa mnyama wa mali. Kiswahili hakikujali sana mpaka huo. Sisi hufuga mbwa, hufuga paka, hufuga mbuzi na kuku. Kitenzi ni kimoja. Mbuzi wa maziwa ni karo ya mtoto, na papo hapo ana jina lake, na mwenye kumlisha humjua kwa sauti. Kwa hiyo mwanamke wetu amefungwa kwa kamba mbili, ya riziki na ya mapenzi. Mume katili hulijua hilo vyema. Anapomchinja mbuzi yule kwa hasira, humwonyesha mkewe yatakayomfika yeye.

Sheria yetu haiko kimya. Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka 2015 inahesabu uharibifu wa mali, vitisho na dhuluma za kiuchumi kuwa ni dhuluma. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 nayo inaitambua kazi ya shambani kuwa ni mchango katika mali. Mwanamke asidanganywe, basi, kwamba mifugo aliyoitunza kwa jasho lake haimhusu.

Wapo watakaouliza: itakuwaje tuwafikirie mbuzi ilhali watu wenyewe hawana pa kulala? Nami najibu kwamba anayefikiriwa hapa ni mtu. Akihakikishiwa kwamba mnyama wake atalishwa na kukamuliwa, ataondoka angali na uhai. Asipohakikishiwa, atarudi alfajiri kukamua, na huenda safari hiyo ikawa ya mwisho.

Yafaa basi makao ya hifadhi yaongeze swali moja kwa kila anayebisha hodi: umeacha mnyama gani nyuma? Maafisa wa mifugo, makanisa, misikiti na vikundi vya akina mama wanaweza kuwateua wafugaji wa kuaminika, walio mbali na boma la dhuluma, wakae na wanyama hao kwa muda. Chifu naye aandike idadi na alama za mifugo hiyo, ili isiuzwe kisirisiri.

Nanyi walimu mna nafasi ambayo hakimu hana. Mwanafunzi akiandika katika insha yake kwamba baba alimvunja mbwa mguu, msiishie kusahihisha sarufi. Mwiteni kando, mmsikilize kwa upole, kisha mtafute msaada. Nambari 1195 hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Nanyi wanafunzi, jueni kwamba kumweleza mwalimu habari kama hizo si kuivua familia nguo. Huenda ndiko kumwokoa mama, na mbuzi wake.