Ziwa Likipumzika, Mwambao Usilale

Mvua zinapokatika mwezi Mei, Kigoma hubadilika sura. Majani ya vilimani huanza kukauka, vumbi jekundu hurudi njiani, na upepo wa kusini huanza kulisukuma Ziwa Tanganyika. Ndio msimu wa wageni. Hushuka Kibirizi kupanda boti za kwenda Hifadhi ya Gombe, au husafiri kusini hadi milima ya Mahale, ambako kilele cha Nkungwe kinapita meta 2,400. Wakirudi hupiga picha Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana hapo mwaka 1871, kisha huondoka. Mji hubaki na bei ya kitanda na chai ya asubuhi.

Kwa wavuvi, majira hayo hayo yamekuwa ya kukaza mkanda. Mwaka 2024, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hatua hiyo ilikuwa na sababu njema, kwa maana dagaa na migebuka wasipopewa nafasi ya kuongezeka, mwalo utakufa wenyewe bila amri ya mtu. Lakini miezi mitatu ni mingi kwa mwenye mtumbwi, kwa mama anayeanika dagaa, na kwa kijana anayebeba matenga.

Basi yafaa watu wa mwambao wajiulize: kwa nini mwanzo wa kiangazi usiwe msimu wa sherehe zao wenyewe?

Tarehe zipo, wala hazihitaji kubuniwa. Tarehe 16 Mei 1927 meli ya Liemba ilianza tena safari ziwani. Wajerumani walikuwa wameizamisha mwaka 1916, nayo ikaja kuibuliwa kutoka majini. Tarehe 5 Juni ni Siku ya Mazingira Duniani, na hakuna mahali inapostahili zaidi kuadhimishwa kwa fagio na reki kuliko kwenye fukwe za ziwa lenye kina cha meta 1,470, la pili kwa kina duniani. Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe mtu, aliwasili Gombe, na kwa ajili ya siku hiyo dunia sasa huadhimisha Siku ya Sokwe Mtu. Tarehe iliyozaliwa Kigoma husherehekewa katika miji ya mbali. Itakuwa ajabu ikipita kimya Mwanga na Kibirizi.

Wapo watakaosema kwamba sherehe ni za wenye fedha. Na watazame Makunduchi, kusini mwa Unguja. Kila Julai wenyeji huadhimisha Mwaka Kogwa: wanaume hupigana kwa migomba, wanawake huimba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na kila nyumba hufurahi kupata mgeni. Sherehe hiyo haikusubiri mfadhili ndipo iwe maarufu. Lamu nako, mashindano ya majahazi na mbio za punda yameteka macho ya wasafiri kwa vitu ambavyo wenyeji walikuwa navyo tangu zamani.

Kigoma yenyewe imekwisha kuonja neema ya mkusanyiko. Tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga zilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho katika Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakashinda 1–0, na mashabiki wakafunga safari kutoka mikoa ya mbali. Hata hivyo fainali hupangwa na wengine, na mwaka unaofuata hupelekwa kwingine. Nane Nane ya kanda nayo hufanyika Tabora. Shughuli itakayorudi kila mwaka bila kuombwa ni ile iliyoanzishwa na wenye mji.

Wazee wa Ujiji wana haki ya kuhofia kelele na ulevi. Dawa yake si kujitenga, bali wao wenyewe kushika usukani: ngoma ziwe za heshima, watoto wawe na nafasi yao, na jioni imalizike kabla ya usiku mkubwa. Chakula kiwe ugali wa muhogo na kuhe mkavu aliyepikwa kwa mawese. Mitumbwi ishindane kwa makasia, kila mpiga kasia akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha. Vijana waliosoma historia wawaongoze wageni kwa miguu katika mitaa ya Ujiji, mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ili mgeni asiishie kwenye mnara wa kumbukumbu tu.

Kuanza hakuhitaji makubwa. Wajumbe wachache kutoka Kibirizi, Katonga na Ujiji wakikaa mwezi Machi, wakachagua Jumamosi moja ya Juni na kuomba kibali cha manispaa mapema, watakuwa na muda wa kuhesabu mitumbwi, kugawa maeneo ya mama lishe na kutangaza redioni. Nyavu zikikunjwa tena Mei, mwenye mtumbwi awe tayari anajua siku gani atabeba abiria, na kwa nauli gani.