Mambo ya Nyumba: Gari la Mayatima Lililokataa Kuwaka

Mwezi uliopita tuliletewa barua na bwana mmoja wa hapa Mombasa, ambaye ni wasii wa watoto watatu wa ndugu yake marehemu. Ndugu yake huyo aliacha, pamoja na mali nyingine, gari moja la mbio lenye tabo, alilolinunua likiwa limekwisha tumika Japani, na akalitunza kama mtu atunzavyo johari. Halikuwa gari la kwendea sokoni. Alikuwa akilitoa siku za Jumapili, akalipeleka kwa njia ya Malindi hata Kikambala, kisha akalirejesha na kulifunika turubai. Kwa hivyo mita yake yasoma kilomita 38,000 tu, na kila alionaye husema kuwa ni jipya.

Baada ya kufa mwenyewe gari lilikaa bandani miezi sita. Mjane alipokwisha eda, na hati ya Mahakama ya Kadhi ilipopatikana, wasii alikwenda kuliwasha, nalo halikuwaka. Alinunua betri mpya kwa fedha za mirathi. Likawaka siku ile, na siku ya tatu likakataa tena. Akaja mfanya biashara mmoja wa magari, akasikia stata yazunguka na injini haishiki, akasema mashine imekufa, naye akatoa bei iliyo chini ya thuluthi ya thamani yake. Sasa wasii atuuliza mambo mawili. Je, auze kwa bei hiyo? Na kama ni hivyo, si afadhali alichukue yeye mwenyewe kwa bei hiyo hiyo, mali isitoke nje ya ukoo?

Suala la pili ndilo jepesi, basi tulijibu kwanza. Katika madhehebu yetu ya Shafii wasii hana ruhusa ya kujiuzia mali ya yatima, hata ikiwa nia yake ni safi kabisa. Muuzaji hutaka bei ya juu na mnunuzi hutaka bei ya chini, na mtu mmoja hawezi kuwatumikia wote wawili. Aya ya 10 ya Suratin-Nisaa, yenye onyo kali juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma, kila msomaji wetu aijua. Hatumtuhumu bwana huyu. Aliyekusudia kudhulumu hajisumbui kuandika barua.

Ama suala la kwanza, hilo halijibiki kwa kalamu. Tulikwenda nyumbani kwake Jumamosi asubuhi pamoja na fundi mmoja mzee, mwenye kuyajua magari ya namna hii. Wasii alikwisha shika ufunguo mkononi.

"Usiliwashe, bwana," akasema fundi. "Kwanza nambie, siku ile lilipowaka kwa betri mpya, mlifanya nini?"

"Tulilitoa bandani tukaliosha, fundi, kisha tukalirejesha."

"Mlilitembeza wapi?"

"Hatukulitembeza. Ni hatua kumi tu, tukalizima."

Fundi akacheka, akafungua boneti.

Hapa yafaa tueleze, kwani twajua kuwa katika nyumba nyingi za wasomaji wetu lipo gari la namna hii, la baba aliye safarini Ghuba au la kijana aliye masomoni. Watu hudhani kuwa kilomita chache ndiyo siha ya gari. Gari huchakaa kwa mwendo, na huchakaa kwa kukaa vile vile, na huku kuchakaa kwa kukaa hakuna mita ikuandikayo.

Jambo la kwanza ni betri. Gari la kisasa halilali kabisa hata likizimwa. Kengele ya wezi, saa, na kumbukumbu ya kompyuta ya injini zote hunyonya umeme kidogo kidogo. Tukikisia kuwa zanyonya miliampea 50, basi kwa siku moja ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 60 itakuwa tupu kwa siku 50. Lakini itashindwa kupiga stata zamani kabla ya hapo. Na betri iliyoachwa tupu muda mrefu hufanya ukoko mgumu wa salfeti juu ya bamba zake za risasi, nao ukisha kukomaa haichajiki tena. Ndivyo ilivyokufa betri ya marehemu. Lau kama mtu angalifungua waya wa hasi wa betri ile wiki ya kwanza, ingaliweza kusalia. Ni kazi ya spana moja na dakika mbili. Mjane alituambia kuwa alitaka kumwambia shemeji yake juu ya gari hilo, akaona haya, maana jirani walimwambia kuwa vitu vya maiti haviguswi mpaka eda iishe. Hayo ni mazoea ya watu tu. Eda humzuia mke kujipamba, kuolewa, na kutoka nyumbani pasi na dharura. Haizuii mali ya watoto kuhifadhiwa.

Fundi aliipima betri mpya, akaikuta na volti 12.5, yaani ni nzima. Kisha akapima baina ya ncha ya hasi na chuma cha injini huku stata ikipigwa kidogo, akaona zaidi ya volti nzima yapotea njiani. Waya wa ethi ulikuwa umeoza kwa chumvi ya bahari. Ndani ya kichwa chake palikuwa na unga wa kijani. Huo ulikuwa ugonjwa mmoja, nao hauhitaji ila waya mpya na msasa.

Ugonjwa wa pili ndio uliomdanganya yule mfanya biashara, au ndio alioutumia kutudanganya sisi. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Injini ikiwa baridi kompyuta huimiminia petroli nyingi kuliko kawaida, ili iwake. Ikizimwa kabla ya kupata moto, petroli ile hubaki ndani, huzilowesha plagi, na huosha oili iliyoziba baina ya pistoni na kuta zake, hata mgandamizo ukapungua. Ukija kupiga stata tena, injini huzunguka upesi na kwa wepesi, kama isiyo na kitu ndani, na haishiki. Asiyejua husema imekufa. Magari yenye nguvu hupatwa na jambo hili mara nyingi, kwa sababu hutolewa bandani kwa kuoshwa au kuonyeshwa wageni, kisha yakarejeshwa.

Plagi zilitoka nyeusi, zimelowa, na harufu yake si ya petroli bali ya rangi ya mbao. Petroli ile ilikuwa ya tangu uhai wa marehemu. Petroli iliyokaa miezi kadhaa hupoteza sehemu zake nyepesi, zile zishikazo moto kwa haraka, na kinachobaki huganda katika nozeli. Fundi aliitoa yote, akabadilisha chujio, akatia mpya ya ile daraja ya juu inayotakiwa na injini ya tabo. Akabadilisha na oili, ijapokuwa marehemu aliitia kilomita 1,500 tu kabla ya kufa. Oili hubadilishwa kila mwaka hata gari likikaa, kwani huingiwa na unyevu na asidi. Kisha akatoa fyuzi ya pampu ya mafuta, akapiga stata mara tatu pasi na plagi, kila mara chini ya sekunde kumi, ili oili ifike juu mpaka kwenye tabo kabla ya injini kuwaka. Hili wengi hawalifanyi, nalo ni muhimu, maana tabo huzunguka kwa kasi kubwa mno na kinga yake ni oili peke yake.

Msomaji aliyepatwa na plagi zilizolowa, na fundi yuko mbali, na ajaribu hivi: akanyage akseleta mpaka chini kabisa, apige stata kwa sekunde kumi, apumzishe stata dakika moja, arudie. Katika magari mengi yenye kompyuta kufanya hivyo hukata petroli na kuacha hewa tu ipite. Asilisukume gari ili liwake, kwani petroli mbichi huingia katika ekzosi na kuharibu chombo cha kusafishia moshi, na chombo hicho ni ghali. Wala asiliwashe bandani milango ikiwa imefungwa. Moshi wa gari una sumu isiyo na harufu, nayo imeua watu.

Gari liliwaka adhuhuri, kwa moshi mweupe kidogo mwanzoni. Fundi hakuruhusu lizimwe mpaka wasii alipolitembeza nusu saa nzima. Gharama yote, pamoja na ujira wake, ilitoka katika mirathi, na ndivyo sheria ilivyo, kwa kuwa ni gharama ya kuhifadhi mali.

Ndipo wasii aliponena neno ambalo hatukulitazamia. Alisema kuwa siku ya kuja mnunuzi mwingine ataliwasha alfajiri, lipate moto, ili likimwakia mtu liwake mara moja. Tulimkataza. Mnunuzi ana haki ya kulisikia gari likiwa baridi, maana hiyo ndiyo saa lisemayo kweli. Kila mmoja wetu alisomeshwa chuoni kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji chini yake, akamkemea mwenyewe kwa kutouweka juu watu wakauona. Na aibu iliyofichwa humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha mali. Basi mayatima wangalipata faida gani kwa fedha ambazo wangedaiwa tena?

"Lakini sheikh," akasema, "nikimwambia lilikaa miezi sita, atapunguza bei."

Tulimwambia kuwa huenda akapunguza, na sehemu hiyo ya bei haikuwa ya watoto tangu mwanzo.

Mnunuzi alikuja Alkhamisi saa moja ya asubuhi. Baada ya salamu aliweka kiganja juu ya boneti, akatazama plagi za zamani ambazo wasii alizihifadhi katika gazeti, akasoma karatasi ya fundi mstari kwa mstari. Alipoufungua ufunguo pampu ilivuma sekunde mbili, na injini ikashika mara ya kwanza. Aliingoja mpaka mshale wa joto ukapanda. Alipunguza bei kidogo, kama alivyokhofu wasii, na bado ilizidi mara mbili ile ya mfanya biashara wa kwanza. Mtoto mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, aliomba apandishwe mpaka mwisho wa mtaa, na mnunuzi akamfungulia mlango.