STIKA KIOONI, PESA HAKUNA

Ndugu msomaji, ukipanda matatu leo, tupa jicho kwenye kioo cha mbele. Iko stika ya bima. Sheria, Sura ya 405, inasema gari lisitembee bila bima, na askari wa trafiki hawaachi kuikagua. Lakini je, ukivunjika mguu, nyuma ya stika ile kuna pesa?

Usidhani swali hili ni la mawakili peke yao. Ni lako wewe unayening'inia mlangoni ukiita abiria, na wewe unayeenda Industrial Area kutafuta kibarua.

Kampuni ya bima hutakiwa kuwa na mtaji, yaani pesa za wenye kampuni wenyewe, za kulipia ajali zikizidi hesabu. Kwa bima za magari na mali, kiwango kilitolewa shilingi milioni 100 kikapandishwa hadi milioni 300, na kampuni zikapewa muda hadi mwaka 2010. Vigelegele! Mwaka 2011 Blue Shield, iliyokuwa na matatu chungu nzima, ikawekwa chini ya msimamizi. Kiwango kikapanda tena hadi milioni 600. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Invesco kufilisiwa.

Mnatuambia nini, waheshimiwa? Shamba likiandikwa kwa bei ya kujipendekeza, mtaji hunona vitabuni, lakini hakuna hospitali inayopokea hatimiliki. Kampuni zikigombania matatu hushusha bei ya bima, kisha hulipa ajali za jana kwa ada za leo. (Na tusifichane: wako pia vijana wetu wanaodai fidia za magari ambayo hawakuyapanda. Hao nao wanatuibia.)

Sasa angalia jambo lenyewe. Sheria inaibana kampuni ya bima kumlipa aliyeumia hadi milioni 3. Invesco ilipoanguka, mfuko wa fidia wa serikali ulikuwa na kikomo cha shilingi 250,000. Toa hesabu mwenyewe. Zinazobaki utamdai mwenye matatu, ambaye alikata bima kihalali, na dalali atakuja kuchukua gari lake. Manamba na dereva wanalala njaa. Na mfuko huo si sadaka ya mtu: kila anayekata bima hukatwa cha kuuchangia.

Hatupingi mtaji mkubwa. Tunapinga mtaji wa siri. Kila robo ya mwaka kampuni hupeleka hesabu zake kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima. Basi zilizopungukiwa zitangazwe kwa majina magazetini, kwa Kiswahili, kabla hazijauza stika nyingine. Na Bunge lipandishe kikomo cha fidia kilingane na ile milioni 3.

Mheshimiwa wako akija steji kuomba kura, mwonyeshe kioo cha matatu umwulize: kampuni hii ina shilingi ngapi?