Samaki si mchanga wa kumwaga

Jumapili moja alfajiri mlinzi wa bwawa letu alinipigia simu: "Papa, njoo uone, samaki zote ziko juu ya maji." Nilifika kabla ya misa. Kweli, walikuwa zaidi ya mia tatu, tumbo juu, weupe kama makaratasi. Ijumaa tu tulikuwa tumewapokea kwa makofi. Mgeni wa shirika moja alipiga picha wakati ndoo zinamwagwa, akasaini, tukasaini, gari ikaondoka. Picha ile ingali kwenye simu yangu.

Watu walisema mengi siku ile. Wengine walisema tuliletewa samaki wagonjwa makusudi. Wengine wakaanza kumtazama vibaya jirani ambaye hakupata nafasi katika koperative. Mama mmoja aliyekuwa anachota maji akasema tu: "Hata mimi, ukinitoa kwa kitanda ukanitupa kwa maji ya baridi, nitakufa." Sisi wanaume tulicheka. Lakini ni yeye aliyesema kweli, na mimi nilichukua miaka miwili kuelewa maneno yake.

Wandugu wachimbaji, ninyi mnajua kwa nini mtu wa sendika anaandika habari za samaki. Dhahabu ya Ituri inachimbwa tangu zaidi ya miaka mia moja, na kwa Kilo, kwa Mongbwalu, kwa Nizi, tunawaona wazee waliomaliza mgongo wao ndani ya shimo na leo wanaomba chumvi kwa watoto wao. Bwawa la samaki ni moja ya vitu vichache ambavyo familia ya mchimbaji inaweza kuanza bila kungoja PDG wa shimo agawe mchanga. Unachimba mwenyewe, na kuchimba ni kazi tunayoijua. Basi samaki wakifa siku ya pili, ni feza ya shule imekufa, na mtu hatarudia tena. Atarudi kareri.

Ukiniuliza mimi, wengi wa samaki hao hawafi kwa ugonjwa wala kwa uchawi. Wanafia njiani, na kwenye ile dakika moja ya kuwahamisha kutoka maji haya kwenda maji yale.

Tuchukue tilapia wa Ziwa Albert. Huyu ni samaki wa kwetu, hakuletwa na mtu. Lakini ziwa liko chini, karibu mita 600 chini ya Bunia. Mtu anayetoka Kasenyi akipanda mlima kupitia Bogoro anasikia mwenyewe vile hewa inabadilika, anavaa koti. Samaki hana koti. Mwili wake unafuata joto la maji aliyomo. Ametoka kwa maji ya moto, amekaa ndani ya bidoni juu ya pikipiki, jua likamchoma, halafu anamwagwa ghafula ndani ya bwawa la Bunia lenye maji ya chemchemi. Kama hakufa palepale, anadhoofika, na kuvu inamshika baada ya siku mbili tatu. Ndiyo maana tunadhani ni ugonjwa.

Dawa yake haina bei. Chovya mkono mmoja ndani ya bidoni na mkono wa pili ndani ya bwawa. Ukisikia tofauti, usimwage. Kama samaki wako ndani ya sashe, acha sashe ielee juu ya bwawa, imefungwa, dakika kama ishirini. Kama ni bidoni, iweke kwenye maji ya pembeni, kivulini, muda zaidi, kwa sababu plastiki yake ni nene. Kisha fungua, ongeza kikombe cha maji ya bwawa, ngoja kidogo, ongeza tena. Hapo usiende kunywa chai ukaacha bidoni wazi saa nzima, maana maji yale ya safari yamejaa mkojo na mavi ya samaki. Mwishoni inamisha chombo ndani ya bwawa na uache samaki watoke wenyewe. Aliye na nguvu anatoka mbio. Asiyetoka, utamjua palepale, na hesabu yako itakuwa ya kweli.

Kazi yenyewe inaanza jana yake. Samaki anayesafiri asile siku nzima kabla ya safari. Najua inaonekana kama ukatili. Hata mke wangu alinigombeza, akasema hakuna mgeni anayetumwa njiani na njaa. Lakini samaki aliyeshiba anachafua maji yake mwenyewe, na uchafu ule ndio sumu. Kuwavua ni asubuhi mapema, kabla ya jua, kwa wavu laini. Kipande cha chandarua cha zamani kinatosha. Mikono iwe imelowa. Ule utelezi juu ya ngozi ya samaki ni nguo yake, mkono mkavu unaichubua, na hapo ndipo kuvu inapoingia.

Bidoni iwe ile iliyobeba maji au mafuta ya mawese, nayo iwe imeoshwa vizuri. Isiwe ya mazutu, na isiwe hata siku moja bidoni iliyotoka kareri. Usiijaze: acha nusu yake iwe hewa, kwa sababu samaki anapumua kile kinachoingia ndani ya maji kutoka kwa hewa hiyo. Mimi kwa bidoni ya litre 20 sipitishi vitoto hamsini, na ninatia vijiko vikubwa viwili vya chumvi ya jikoni. Chumvi inawatuliza. Kwa safari ndefu, sashe mbili ngumu, moja ndani ya nyingine, maji sehemu moja na oksijeni sehemu mbili. Chupa ya oksijeni mafundi wa kuchomelea vyuma wanayo hapa mjini. Angalia tu wasikupe ile ya asetileni, na anayevuta sigara akae mbali. Maji ya robine yenye klore pia yanaua samaki. Yaache wazi ndani ya pipa siku moja au mbili kwanza.

Sasa nije kwa jambo linalonichoma zaidi. Barieri. Motari anayebeba samaki anasimamishwa, anaulizwa karatasi, anaambiwa ashushe mizigo, anangoja mkubwa amalize kula. Tangu mwezi wa 5 mwaka 2021 tuko ndani ya hali ya dharura ya kijeshi, na mimi sisemi askari wasikague. Wakague. Lakini kila robo saa juani ni hewa inayoisha ndani ya ile sashe. Nimeona mtu amefika na maji meupe ya povu na samaki wote wamelala. Alilipa samaki, akalipa pikipiki, akalipa barieri, na mwishoni akawapa paka. Wakubwa wa njia hawapotezi kitu wakimkagua mwenye samaki wa kwanza na kumwacha apite.

Na mashirika. Ninawashukuru, sisemi waache. Lakini tabia ya kuhesabu samaki siku ya kuwatoa peke yake ndiyo inayotumaliza. Muuzaji wa vitoto analipwa yote siku ya picha, kwa nini ajisumbue na chumvi na kivuli? Sisi katika sendika tunaomba hivi: muuzaji alipwe nusu siku ya kuleta, na nusu ya pili baada ya siku 14, wakati tumehesabu pamoja walio hai. Fundi wake abaki nasi mpaka samaki wa mwisho ametoka kwa sashe. Ikiwa gari ina haraka ya kurudi kabla ya giza, basi ije asubuhi.

Kuna hamisho moja ambalo mimi nalikataa kabisa, hata lifanywe kwa ufundi gani. Ni kuhamishia samaki katika mashimo ya zamani ya kareri ambako watu walioshea dhahabu kwa zebaki, ile tunayoita merkire. Shimo linajaa maji ya mvua, linapendeza, kijana anasema bwawa hili ni la bure. Humo samaki hatakufa, na hiyo ndiyo hatari yenyewe, ataishi na atanona. Zebaki iliyobaki ndani ya matope inageuzwa na vidudu vidogo kuwa sumu inayoingia ndani ya nyama ya samaki, na hakuna moto wala ndimu ya kuitoa. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, ugonjwa ukatambuliwa mwaka 1956, na baadaye dunia ikajua vile watoto walizaliwa na mwili uliopotoka wakati mama zao walionekana wazima. Mkataba wa dunia wa 2013 juu ya zebaki umepewa jina la mji ule, nao unataja wazi uchimbaji mdogo wa dhahabu, yaani sisi. Kama hujui historia ya shimo, waulize waliochimba hapo. Tunajuana.

Bwawa letu lilijazwa tena. Mara hii tulinunua vitoto mia mbili kwa feza ya koperative, bila mgeni na bila picha. Walikufa saba. Yule mama wa maji ndiye tuliyemweka kuwa msimamizi, na amekataza mtu yeyote kumwaga ndoo bila yeye kuchovya mikono yake miwili kwanza. Jumamosi hii tunahamisha wakubwa kwenda bwawa la pili. Tangu jana ameficha pumba ndani ya nyumba yake, ili watoto wasiwape samaki chakula.