Anayemchunguza Marehemu Naye Alindwe

Mwaka 2016 sumukuvu iliwadhuru watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara; 20 kati yao walifariki. Balaa kama hilo likirudi, familia ya mkulima wa Mlali, wilayani Kongwa, itataka kujua kilichomuua ndugu yao. Pengine jibu litapatikana kwa kuuchunguza mwili tu, na anayeuchunguza huhatarisha mapafu yake.

Msumeno unapokata mfupa hurusha chembechembe zinazoelea hewani, na bakteria wa kifua kikuu huweza kubaki hai katika mwili wa marehemu. Fomaldehidi, gesi itokayo katika fomalini, imetambuliwa kimataifa tangu mwaka 2004 kuwa husababisha saratani. Feni ya darini huvisambaza vyote hivyo chumbani.

Meza yenye kufyonza hewa huivuta hewa chafu kuelekea chini, mbali na uso wa mchunguzi, na kuitoa nje. Si lazima kila kituo cha afya kiwe nayo, lakini kila hospitali ya rufaa ya mkoa yafaa iwe nayo, pamoja na fundi wa kuitunza; chujio likiziba, hubaki meza tu. Vituo vya vijijini vianze na madirisha mapana, feni ya kutoa hewa nje na barakoa za N95.

Ndugu wakiambiwa mwili upelekwe Dodoma mjini, wasidhani wanazungushwa. Jibu wanalolingoja halipaswi kuzaa mgonjwa mwingine.