Kitambaa cha Kijani Hakina Kesi ya Kujibu

Mashtaka dhidi ya filamu zinazopigwa mbele ya kitambaa cha kijani mmeshayasikia: kwenye vijiwe vya waigizaji, kwenye vibanda umiza, na popote palipo na mwongozaji mkongwe mwenye muda wa kuzungumza. Mwigizaji anasimama mbele ya kitambaa, kompyuta inafuta kijani chote, na mahali pake linawekwa jumba, pango au mji ambao haupo. Washtaki wanasema huo ni uongo. Ni njia ya mkato ya wavivu. Ni anasa ya Hollywood. Haidanganyi mtu, inaua uigizaji, inawanyima mafundi riziki, na kwa sisi wa Kasokola ni upuuzi wa wazi, maana tumezungukwa na pori na wanyama wa Katavi. Nimewasikiliza kwa makini kuliko wanavyosikilizana wao kwa wao. Wangesikilizana, wangegundua mapema kwamba baadhi ya mashtaka haya hayawezi kukaa kwenye hati moja. Ninyi mahakimu pimeni.

Tuanze na uongo. Hoja yao, ikielezwa kwa haki, ni kwamba mtazamaji akimwona mtu ukingoni mwa korongo ana haki ya kuamini kuwa korongo lipo na mtu alisimama pale. Sawa. Basi na tuwaulize hao hao: katika filamu zenu, ile mahakama si darasa la shule lililofunikwa ubao kwa bendera? Ile wodi si sebule ya shangazi wa prodyuza, imetandikwa shuka jeupe? Kofi linalolia kama mlango uliobamizwa liligusa shavu la nani? Mtazamaji wa Mpanda hajawahi kudai arudishiwe kiingilio kwa sababu ya shuka la shangazi. Sinema haijawahi kutoa ahadi wanayosema imevunjwa. Mwaka 1898 Mfaransa Georges Méliès alitumia mandharinyuma meusi, akapitisha mkanda uleule kwenye kamera zaidi ya mara moja, akaonekana aking'oa kichwa chake mwenyewe na kukiweka mezani. Kwetu pwani, Bakor Studio ya Lamu ilikuwa ikikata picha za wateja na kuzitia ndani ya mandhari nyingine kwa mkasi na dawa za kusafishia picha, kompyuta bado haijafika. Wateja walilipa, wakazitundika ukutani, na hakuna aliyemwita mpiga picha mwongo. Kinachoitwa uongo mpya kina umri mkubwa kuliko anayekilalamikia.

Sasa yale mashtaka mawili yasiyokaa pamoja. La kwanza linasema kitambaa ni njia ya mkato: mtu mvivu anakwepa kutafuta lokesheni, anajifungia chumbani na kupachika picha. La pili linasema ni kazi ya wenye mabilioni, sisi hatuiwezi. Kama ni rahisi hivyo, kwa nini hatuiwezi? Na kama inawashinda hata wachapakazi wetu, huyo mvivu anaiwezaje? Chagueni moja, tulijibu hilo.

Wakichagua gharama, wana ushahidi, na nitautaja mimi mwenyewe kwa kuwa wao huusahau. Kampuni ya Rhythm & Hues, iliyomchora chui milia wa filamu ya Life of Pi, iliomba kinga ya kufilisika Februari 2013, siku chache kabla filamu hiyo haijapokea Oscar ya madoido hayo hayo. Kazi ile ilikuwa ghali kweli. Lakini ushahidi huo unathibitisha bei ya kumchora chui milia asitofautishwe na wa kweli kwenye skrini kubwa. Hauthibitishi bei ya kuchora ukuta, dirisha na mji wa mbali. Vukeni mpaka mwende Kampala, mtaa wa Wakaliga. Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti ambayo mwenyewe anasema haikufika dola 200. Kitambaa chake cha kijani kilinunuliwa sokoni na kutundikwa ukutani, na helikopta zake zikatoka kwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri. Programu ya Blender, ya kuchongea majumba na vyombo vya kompyuta, ni ya bure tangu 2002, na filamu ya katuni Flow iliyotengenezwa kwayo ilipata Oscar mwaka 2025. Gharama iliyobaki ni muda na umeme. Hiyo siipunguzi hata senti: Mpanda iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, na anayejua kompyuta kuzimika ikiwa katikati ya kutoa picha hahitaji kuhubiriwa. Nabwana naye alifuta mafaili ya awali ya filamu yake ili kupata nafasi ya kazi nyingine. Ni hasara ya kweli. Ila hiyo ni hoja ya kutafuta betri na diski, si ya kukitupa kitambaa.

Wakichagua uvivu, hapo ndipo napenda tukae, kwa sababu shtaka hilo hutolewa na mtu ambaye hajawahi kujaribu. Linaambatana na lile linalosema kwamba hata ufanyeje, itaonekana tu: nywele zina ukingo wa kijani, mtu anaelea, rangi zinagombana. Nakubali kwamba picha nyingi za namna hiyo ni mbaya. Nakataa sababu wanayotoa. Wao wanalaumu kitambaa. Angalieni fremu yenyewe na mtaona kosa liko kwingine, na kila mara lina jina.

Ukingo wa kijani kwenye kanzu nyeupe hautoki kwenye kompyuta. Mwigizaji amesimama karibu mno na kitambaa, mwanga umegonga kijani ukamrudia mgongoni. Msogeze mbele hatua tano, mpe taa yake peke yake, kitambaa nacho kipe zake, na sehemu kubwa ya tatizo imekwisha. Nywele zinazokatika kama zimenyolewa kwa wembe butu zina sababu nyingine: simu na kamera za bei nafuu huhifadhi mwanga wa kila nukta, lakini rangi huihifadhi kwa robo tu ya nukta hizo, kwa hiyo kompyuta inayotafuta mwisho wa kijani inafanya kazi kwa kipimo chenye matundu. Kijani kilichaguliwa kwa sababu inayohusiana na hilo. Kwenye vihisi vya kawaida vya kamera nusu ya nukta husoma kijani, na rangi nyingine mbili hugawana nusu iliyobaki. Kitambaa kilichotandikwa uani Kasokola mwezi wa Agosti nacho kina kesi yake: kufikia saa nane mchana upepo umekijaza vumbi jekundu, jua limekipiga upande mmoja, na mlichokiita kijani kimekuwa rangi tatu. Halafu mwigizaji anatokea na kofia ya kijani ya chama, ambayo huku kwetu haikosekani nyumbani, na utosi wake unatoweka. Mtalaumu teknolojia?

Kuhusu mtu anayeelea, sikilizeni kwa makini, maana hili linawashinda hata wanaolipwa. Kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo hukaa usawa wa kimo cha kamera. Kamera ikiwa usawa wa kifua, upeo lazima upite kifuani mwa kila aliyesimama. Sasa chukua picha ya uwanda wa Katisunga iliyopigwa kutoka juu ya paa la gari, ambamo upeo unapita juu ya kichwa cha mtu, umpachike humo mwigizaji aliyepigwa studio kwa kamera ya kifuani. Atakuwa jitu, au miguu yake haitagusa majani, na mtazamaji wa kibanda umiza atasema "hii feki" bila kujua kwa nini. Ongeza jua: mandhari ya saa sita yenye vivuli vifupi, na uso ulioangazwa kutoka ubavuni kama wa saa kumi na moja jioni. Dawa ya yote haya ni daftari la kuandika kimo cha kamera, lenzi, na jua lilikuwa wapi. Kazi inayodai daftari, vipimo na taa mbili zilizotenganishwa ndiyo mnayoiita ya mvivu. Mvivu ni yule aliyeitazama picha mbovu mara moja na kutoa hukumu.

Kuna shtaka la uigizaji, na ndilo lenye heshima kuliko yote. Wanasema mwigizaji hawezi kumwogopa simba asiyekuwepo wala kustaajabia jumba ambalo ni kitambaa. Shahidi wao mkuu ni Ian McKellen, aliyesema mwenyewe kwamba alitokwa na machozi kwenye upigaji wa The Hobbit kwa kuigiza peke yake katikati ya kijani. Ni shahidi mzuri, ila mmemwita bila kusoma maelezo yake. Yeye alicheza mtu mrefu kati ya vijeba kumi na watatu. Filamu ilipigwa kwa kamera za pande tatu, na ule ujanja wa zamani wa kumweka mmoja karibu na mwingine mbali haukufaa tena, ndipo akatengwa na wenzake na kuachiwa picha zao za kuzungumza nazo. Kilichomliza ni upweke. Rudisheni wenzake wakae mbele ya kitambaa hicho hicho, na shahidi wenu hana la kusema. Upande wangu nina shahidi wa hapa nyumbani. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, mhusika anaingia majini Rufiji na kutoka akiwa mtu mwingine. Nani aliwahi kuuleta mto Rufiji jukwaani? Wanafunzi wa shule zetu wameicheza tamthilia hiyo kwenye mabwalo ya chakula, na wazazi wakaona maji. Mwigizaji aliyelelewa jukwaani anakijua kitambaa cha kijani kabla hajakiona. Anayeshindwa mbele yake alikuwa anabebwa na samani.

Shtaka la ajira nalipitia haraka kwa sababu ni jepesi. Seremala, wanasema, atakosa kazi. Sheria ya kwanza ya mtindo huu inasema kinyume: kila anachogusa mwigizaji kiwe cha kweli. Kiti anachokalia, mlango anaousukuma, mkuki anaoushika, vyote vinachongwa; kompyuta inachora vinavyoanzia pale mkono usipofika. Ukimpa mwigizaji kikombe cha kompyuta ashike, vidole vyake vitakusaliti. Na tuulizane kwa upole: ni ajira ipi ya filamu inayouawa Kasokola? Filamu zetu nyingi zinapigwa Dar es Salaam. Fundi wa hapa hakuwahi kupewa hiyo kazi mnayosema ananyang'anywa.

Limebaki lile la kwamba tuna mandhari yetu, na hili wanalisema wakitabasamu kama watu waliokwisha kushinda. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ipo tangu 1974, ina kilomita za mraba 4,471, viboko wa mto Katuma wanabanana kwenye matope kila kiangazi. Mchore kiboko wa nini? Jibu fupi: kwa sababu siwezi kumsimamisha mwigizaji hatua tatu kutoka kwa kiboko. Na kupiga filamu hifadhini kuna vibali na ada, kwa hiyo hayo mandhari "ya bure" si ya bure. Jibu refu liko Karema, mkoani humu humu.

Mwaka 1879, kwa amri ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, tembo wanne kutoka India walishushwa Msasani na kuanza safari ya kwenda Ziwa Tanganyika chini ya Kapteni Carter. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, ambako Wabelgiji walikuwa wakijenga ngome yao kando ya ziwa. Carter mwenyewe aliuawa Mpimbwe mwaka uliofuata. Hiyo ni filamu, tena yetu, na hakuna wa Katavi asiyestahili kuiona. Haya, nifuate ushauri wa wapenda uhalisia: niende Karema na kamera. Nitakuta nini? Maji ya ziwa yalishuka sana baada ya njia ya mto Lukuga kufunguka 1878, na katika miaka iliyofuata ufuo uliihama ngome. Ngome ilikabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885 nao wakajenga yao. Nikipiga filamu pale leo na kuandika "1879" chini ya picha, kila jiwe litakuwa la kweli na picha nzima itakuwa ya uongo. Nikimchukua tembo wa hifadhini, masikio yake makubwa yatanisuta mbele ya mtoto yeyote wa Mpanda, maana tembo wa India ana madogo. Njia pekee ya kusema ukweli kuhusu Karema ya 1879 ni kumsimamisha mwigizaji mbele ya kitambaa, kuchora ufuo ulipokuwa, na kumchora tembo yule aliyefika.

Kwa hiyo ninyi mnaohukumu, akija mtu na shtaka jipya, msimwache aongee kwa ujumla. Mwambieni ataje filamu, ataje sini, asimamishe picha na aonyeshe kwa kidole kosa liko wapi: kwenye taa, kwenye kimo cha kamera, au kwenye kitambaa. Akishindwa, mfutieni kesi.