Kuwa Peke Yako Si Ugonjwa, Wala Si Uchawi

Haya wasomaji wangu, leo naweka msimbo kando. Mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, nivumilieni, itakuja. Kuna jambo limenikaa kooni na nisipoliandika sitalala, na tayari silali vya kutosha.

Jambo lenyewe ni sentensi moja: "Upweke ni ugonjwa wa Wazungu." Nimeisikia ndani ya matatu ya Kisii kwenda Keroka, nimeisikia kanisani, nimeisikia kwa msomi mwenye shahada mbili. Uingereza ilipomteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, watu walicheka. Japani ikafuata mwaka 2021, wakacheka tena. Tazama hao, wanahitaji waziri wa kuwasalimia! Sisi tuna ukoo, tuna matanga, tuna harambee, hakuna mtu wa kwetu anayekaa peke yake.

Mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ikisema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kuuhusisha na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Hiyo ndiyo sehemu iliyotangazwa redioni. Sehemu ambayo haikutajwa sana ni hii: katika nchi maskini kabisa waliosema wana upweke walikuwa takriban asilimia 24, na katika nchi tajiri takriban asilimia 11. Someni tena. Hao tunaowacheka wana kama nusu tu ya kilicho katika nchi maskini.

Lakini tuache dunia, tuje nyumbani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina watu zaidi ya 900 kwa kilomita moja ya mraba, Nyamira zaidi ya 600, na wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82. Ukisimama juu ya miamba ya Manga ukatazama chini, unaona chai, migomba, paa la mabati, chai, migomba, paa. Mtu akikohoa kwake jirani anampa pole bila kutoka kitandani. Kama dawa ya upweke ni kuzungukwa na watu, Gusii ingekuwa imepona zamani sana.

Nafikiri shida inaanzia kwenye maneno. Kiswahili kina maneno mawili na tumelitupa moja. Kuna upweke, yaani kuwa peke yako. Na kuna ukiwa, hali ya mkiwa, mtu asiye na wa kwake, aliyeachwa. Kamusi huyachanganya, najua, msiniandikie. Mimi nitayatenganisha kwa ajili ya makala hii kwa sababu nahitaji kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wetu wanavipika katika sufuria moja.

Kwa wenzangu wa kompyuta nitasema hivi. Chomoa waya wa mtandao. Mashine haifi. Inaendelea kupiga hesabu na kuhifadhi mafaili, pengine kwa haraka zaidi kwa kuwa hakuna anayeiita kila sekunde. Huo ni upweke. Sasa chukua mashine iliyounganishwa vizuri, taa zote za kijani zinawaka. Inatuma ombi kwa seva, inangoja. Kimya. Inatuma tena, inangoja, inatuma tena. Haijavunjika na waya haujakatika, ila upande wa pili hakuna anayejibu. Huo ni ukiwa, na angalieni kwamba mashine yenye ukiwa ndiyo iliyo mtandaoni.

Mimi naishi peke yangu upande wa Nyamira, katika nyumba ndogo ndani ya boma la kwetu, ile ambayo zamani tungeiita esaiga. Ninaandika programu kwa wateja walio mbali, na kazi hii inataka kimya. Alama moja iliyokosewa katika mistari elfu tatu haitafutwi huku mtu anakusimulia habari za mazishi. Saa nane za usiku, mvua imekatika na mbwa wamenyamaza, ndipo kichwa changu kinafanya kazi. Ninaipenda saa hiyo. Nasema wazi kwamba katika siku yangu nzima hakuna saa ninayojisikia mzima kuliko hiyo.

Majirani hawakuelewa mwanzoni. Walisema nimeoa kompyuta. Shangazi mmoja alileta watu wa kuniombea, wakaniombea vizuri, wakanywa soda, wakaenda. Siku hizi wananiacha. Mtu akipita usiku akaona taa yangu, anasema yule kijana anafanya kazi na Wazungu, huko kwao sasa ni mchana. Laptopu ndiyo leseni yangu. Mwanamume kijana mwenye mashine anaruhusiwa kuwa peke yake, na kuna watu wanaomwona ana akili zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa nawaambia kuhusu mtu mwingine. Sitasema ni wa kijiji gani, na mkishafika mwisho mtajua kwa nini. Ni mjane, magokoro wa watu, watoto wako mijini. Yeye pia taa yake inawaka saa nane za usiku, kwa sababu magoti yanamuuma na usingizi wa uzeeni ni mfupi. Hana laptopu. Hakuna anayesema huko kwao sasa ni mchana.

Aliniambia siku moja nilipokuwa nikimrekebishia simu: "Tata, wewe ukizima taa watu wanajua umechoka. Mimi nikizima wanauliza nimeenda wapi."

(Kwa wasio Wakisii: kwetu "tata" ni baba, na mama mzee humwita hivyo hata kijana wa kumzaa. Na "baba" ni mama. Tuendelee.)

Huyu mama akiwa peke yake hana shida yoyote. Alfajiri yuko kwenye kishamba chake cha chinsaga, anachuma, anaongea na kuku, anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Hapo hana ukiwa hata kidogo. Ukiwa wake unaanza akifika penye watu. Anakwenda matanga, anakaa kwenye benchi, na benchi linaanza kupungua watu, mmoja anakumbuka kuni, mwingine anaenda kumtazama mtoto. Akipika chai wageni wanasema wameshiba. Mtoto akimkimbilia kumsalimu anaitwa arudi. Hakuna aliyemwambia neno lolote baya. Jamii yote ipo, na yeye anatuma salamu zisizojibiwa.

Mnajua neno ambalo halijasemwa. Omorogi. Mchawi.

Mwezi Mei 2008 watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto huku Gusii, wanawake wanane na wanaume watatu, wengi wao wazee. Taarifa za wakati ule zilisema kundi lilikwenda nyumba hadi nyumba likiwa na majina. Wakadai kulipatikana daftari la shule lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi, limeandikwa nani atarogwa baadaye. Daftari la shule! Kama mtu angeniletea data ya namna hiyo kazini, bila chanzo wala mwandishi, nisingeiingiza hata kwenye mashine ya majaribio. Oktoba 2021 ikawa Marani, wanawake wanne. Na kabla ya hapo, miaka ya mwanzo ya 1990, mauaji ya aina hiyo yalikuwa yameshaenea Gusii. Wasukuma wa Tanzania wana historia yao kama hii, vikongwe waliouawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa kupikia.

Ninachotaka mkione ni hiki. Lile kundi la 2008 lilikuwa jamii. Walikuwa majirani, waliojuana kwa majina, wenye umoja na mshikamano ambao tunausifu kila siku mbele ya Wazungu.  Halafu mnaniambia kuwa peke yako ndiyo hatari.

Kibaya zaidi, hata imani yenyewe haiwasaidii wanaoitumia. Waulizeni wazee: abarogi husimuliwa kwamba hutembea usiku kwa kikundi, wanashirikiana. Basi kwa nini anayeshukiwa ni yule anayekaa peke yake? Mimi naona sababu ni rahisi. Mtu wa peke yake hana shahidi. Hakuna wa kusema alilala nyumbani jana. Na mara nyingi ana kipande cha shamba, katika kaunti ambazo shamba linagawanywa hadi limebaki ukubwa wa ua wa shule. Sitasema kila tuhuma inatafuta shamba. Nasema angalieni nani analima baada ya moshi kuisha.

Sheria ipo. Sheria ya Uchawi ni ya mwaka 1925, ya mkoloni, na pamoja na mambo mengine ndani yake ni kosa kumwita mtu mchawi ovyo nje ya mamlaka. Umewahi kusikia mtu wa kwenu ameshtakiwa kwa kusambaza jina la mama mzee sokoni Daraja Mbili? Hata mimi.

Nije kwa sisi wenye simu, maana tuna sehemu yetu. M-Pesa ilianza Machi 2007. Kabla ya hapo, mtu wa Nairobi aliyetaka kumpa mama yake pesa aliituma na mtu, au alipanda basi akazileta mwenyewe, akalala siku mbili, akaonekana na kijiji kizima akirekebisha mlango. Leo pesa zinafika kwa sekunde na mlango unabaki umelegea. Siilaumu M-Pesa, naitumia kila siku, na serikali nayo inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi kupitia Inua Jamii, jambo jema. Lakini pesa zinazoingia kimya kwenye simu hazionekani na jirani. Mtoto anayekuja anaonekana. Mzee anayetembelewa mchana kweupe ni mgumu kumsingizia, kwa sababu kila anayetaka kumsingizia anajua ataulizwa na nani.

Sasa kisa kilichonifanya niandike. Hivi karibuni shirika moja, silitaji, liliniomba niwatengenezee programu ya simu ya "kumaliza upweke wa wazee" katika kaunti zetu mbili. Mzee anasajiliwa, anabonyeza kitufe, anapata mtu wa kuongea naye. Nikauliza, nani atapokea? Wakasema mwanzoni watu wa kujitolea, baadaye akili unde. Yaani mashine. Magokoro aliyekimbiwa kwenye benchi sasa ataongea na mashine ya ng'ambo isiyojua Ekegusii vizuri, na kwenye ripoti ataandikwa kwamba ameunganishwa.

Hilo ningelimeza, nina kodi ya kulipa kama nyinyi. Kilichonishinda ni jedwali. Waliniletea muundo wa data: jina, umri, mjane au si mjane, anaishi na nani, na mahali hasa nyumba ilipo kwenye ramani. Wasajili wangekuwa vijana wa kila kijiji, na orodha ingefunguka kwenye simu zao. Nililitazama lile jedwali kwa muda mrefu. Orodha ya wazee wanaoishi peke yao, nyumba kwa nyumba, katika Kisii na Nyamira, mikononi mwa vijana. Hawa ndugu hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Hawakuwa wamesikia habari za 2008, na katika mkutano wetu hakuna aliyeuliza. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nikawatajia, wakasema mzee atabonyeza "nakubali".

Nimekataa kazi hiyo. Wenzangu wawili wameniambia mimi ni mjinga, kwamba mwingine ataiandika, na vibaya zaidi. Inawezekana. Ndiyo maana naandika hapa hadharani, ili huyo mwingine akiwa anasoma ajue anachojenga. Kama lazima uijenge, ndugu yangu, futa safu ya ramani. Futa safu ya "anaishi na nani". Usimpe mtu wa kijijini orodha ya kijiji chake. Na usiite upweke kitu ambacho mzee hakukilalamikia, muulize kwanza, maana wengine wanaipenda alfajiri yao ya chinsaga na hawahitaji kuongezewa kelele.

Kwa wengine wote, Desemba inakuja na magari yatajaa barabara ya Kisii kama kawaida. Mkifika, kuna nyumba ambayo huwa mnaipita. Ingieni mchana, na watoto wenu, kwa mlango wa mbele. Kaeni hadi sufuria iishe, na mkitoka mumsalimu kwa sauti ya kusikika njiani. Chai yake haina kitu. Nimeinywa mara nyingi na bado naandika msimbo.

Somo la hifadhidata linaendelea wiki ijayo, tutaanza na funguo za jedwali.